Stadi hununuliwa kwa wiki: namna ya kumfunza mhusika katika michezo ya mezani ya anga za mbali

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa mchezo wa kuigiza, yule anayesimulia hadithi mezani huku kila mchezaji akimwigiza mhusika wake. Kampeni yake, yaani hadithi ya vikao vingi, imeshaanza kushika moto na wachezaji wameanza kuuliza, "Sasa mimi napanda lini?" Swali ni la haki. Mtu amemtembeza mhusika wake sayari baada ya sayari, amepigwa risasi, ametengeneza injini gizani, na karatasi yake, inayoandikwa stadi zake kwa namba, ingali inasoma vilevile kama siku ya kwanza. Wasimamizi wengi hujibu kwa kugawa pointi kikao kinapomalizika. Mimi sigawi. Mezani kwangu stadi inalipiwa kwa wiki za kalenda ya mchezo, na wiki hizo lazima ijulikane zimekwenda wapi.

Niseme natokea wapi, maana ndiko fikra hizi zilikotoka. Nilikuwa oila, kazi ya chumba cha mitambo kwenye meli za mizigo. Sasa niko nchi kavu, Majengo, Mombasa, na Ijumaa baada ya Isha sebule yangu hugeuka chombo cha anga. Wachezaji wangu ni dereva wa tuktuk, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, na mpwa wangu ambaye haambiliki. Nilipoona kuna michezo ya kuigiza watu wanaokwenda bandari moja hadi nyingine na deni la chombo shingoni, niliijua kazi hiyo. Na baharia hapandi cheo kwa kuwa amewashinda maharamia. Anapanda kwa muda alioutumikia na kwa saini ya mkubwa wake.

Mchezo ninaoutumia ni Traveller, uliotolewa Marekani mwaka 1977 na Game Designers' Workshop, kazi ya Marc Miller. Uzuri wake wa kwanza kwa sisi wa hapa ni kwamba unataka dadu za pande sita tu. Boksi la ludo kutoka duka lolote la vifaa vya shule linatosha. Huna haja ya kuagiza dadu za ajabu ng'ambo halafu ukae ukingojea posta. Uzuri wa pili ni kwamba mhusika huanza na historia. Ana miaka 18, anatumikia vipindi vya miaka minne minne jeshini, kwenye meli za biashara au kwingineko, na stadi zake zinatoka huko. Katika toleo lile la kwanza aliweza hata kufa kabla mchezo haujaanza. Mpwa wangu alipoteza wawili jioni moja na bado analalamika.

Ila toleo hilo lilikuwa bahili sana baada ya hapo. Kujiendeleza kulikuwa mradi wa miaka minne, tena upige dadu upate 8 au zaidi kuonyesha kama unao moyo wa kuendelea. Ni kweli kwa maisha, lakini kikao cha Ijumaa hakingoji miaka minne. Toleo la Mongoose Publishing la Uingereza, la mwaka 2008, lililegeza kamba kwa kanuni nitakayoieleza hapa chini. Kanuni hiyohiyo imo kwenye Cepheus Engine ya mwaka 2016, mchezo wa jamii ya Traveller, ambayo sheria zake ziko wazi kwa wote.

Daraja moja lina uzito gani

Huwezi kupanga bei ya kitu usichokijua. Kazi ya kawaida katika Traveller inakwenda hivi: piga dadu mbili, ongeza daraja la stadi yako, yaani namba ya ujuzi wako, ufikishe 8. Dadu mbili zina matokeo 36. Asiyeijua kazi kabisa hupunguziwa 3, kwa hivyo anahitaji 11 au 12, na hayo ni matokeo 3 kati ya 36. Mwenye daraja 0, yaani aliyeonyeshwa misingi tu, anafaulu kwa matokeo 15. Daraja 1 linampa 21, daraja 2 linampa 26, daraja 3 linampa 30.

Itazame hesabu hiyo kwa makini kabla hujagawa chochote. Kutoka kutojua hadi daraja 0, nafasi ya kufaulu imezidi mara tano. Kutoka daraja 2 hadi 3 imeongezeka kwa matokeo manne. Wachezaji wote hukimbilia daraja 3 kwa sababu ya sifa, na faida kubwa inabaki chini, haina wa kuiokota. Mchezaji mpya akikuuliza afunze nini, mwambie achukue daraja 0 katika mambo mawili matatu ambayo hakuna mwingine chomboni anayeyajua. Utabibu kwanza, kisha suti za angani.

Hesabu hiyo pia inakuonyesha kwa nini usigawe daraja kila kikao. Ukigawa hivyo, kabla mwezi haujaisha kila mtu anafaulu kila kitu, na dadu zinabaki pambo la meza.

Kanuni ya wiki

Jumlisha madaraja yote ya stadi alizonazo mhusika. Ongeza daraja analolitaka. Jibu ni idadi ya wiki za mafunzo, na kwa wiki moja anafunza stadi moja tu.

Chukua mhusika wa mpwa wangu, Bi Mwanasha, mpishi wa chombo. Ana upishi 2, udalali 1, bunduki 1. Jumla 4. Anataka uhandisi, ambao haujui hata kidogo. Daraja 0 litamgharimu wiki 4. Daraja 1 ni 4 jumlisha 1, wiki 5. Sasa jumla yake imekuwa 5, kwa hivyo uhandisi 2 utamgharimu wiki 7. Mlinganishe na nahodha wetu, mzee mwenye jumla ya 14 anayetaka urubani 3: wiki 17. Kijana asiye na mengi kichwani anajifunza upesi, na mzee aliyejaa anakwenda taratibu. Nimeliona jambo hilo kwenye vyumba vya mitambo, na wazee hawapendi kulisikia.

Hapo wasimamizi wengi hukwama, kwa sababu wanaona wiki 17 halafu wanasema kampeni itakwisha kabla. Haitakwisha, ukijua wiki zinapatikana wapi.

Wiki ziko ndani ya safari

Katika Traveller, chombo kikiruka kutoka nyota moja hadi nyingine huchukua takribani wiki moja, iwe mbali au karibu. Chombo cha biashara kwa kawaida hukaa wiki moja ndani ya mruko na wiki nyingine bandarini kikipakua, kikipakia na kugombana na mawakala. Kwa mwaka mzima wa mchezo hiyo ni wiki 26 ambazo watu wamefungiwa ndani ya chuma, hakuna simu, hakuna soko, hakuna haramia wa kuwavamia. Mezani kwa watu wengi wiki hizo hurukwa kwa sentensi moja: "Haya, mmefika." Usifanye hivyo. Wageukie wachezaji mmoja mmoja uwaulize: wiki hii unafanya nini? Dakika tano zinatosha kwa meza nzima.

Sasa hapa ndipo ninapopenda kukaa. Saa za wiki hiyo si zote za kusoma. Meli nyingi za biashara huendesha zamu za saa nne kazini na nane nje, maana yake saa nane za kazi kwa siku. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ule wa mwaka 1978 unaojulikana kwa herufi STCW, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Toa 8 na 10 kwenye 24, zinabaki 6. Toa kula, kufua, kusali, kusafisha, na hitilafu ndogondogo zinazokuita wakati usiotaka. Zinabaki 3, ukiwa na bahati. Kwa siku saba ni saa 21.

Mchezo mwingine, GURPS wa Steve Jackson Games, uliotoka mwaka 1986, unatoza mafunzo kwa saa badala ya wiki. Katika toleo lake la nne, pointi moja ya stadi ni saa 200 za kujifunza. Saa na mwalimu inahesabiwa nzima. Saa ya kujisomea peke yako inahesabiwa nusu. Saa ya kazini, kwenye stadi hiyohiyo, inahesabiwa robo. Mafunzo makali ya kukesha yanahesabiwa mara mbili. Mimi sichezi GURPS, lakini mgawanyo huo nimeuiba wote, kwa sababu unafanana na nilichokiona.

Rudi kwa Bi Mwanasha. Akiwa na mwalimu saa 21 kwa wiki, na zamu yake pia iko kwenye mitambo, saa 56 za zamu zinampa 14 zaidi. Jumla 35, na saa 200 zinakwisha ndani ya wiki ya sita. Kanuni ya Traveller ilisema wiki 5 kwa daraja 1. Watu tofauti, sheria tofauti, majibu yanakaribiana. Lakini akibaki jikoni, zamu yake ya upishi haimsaidii kitu kwenye uhandisi. Anabaki na saa 21, na kazi inamchukua karibu wiki kumi.

Kutoka hapo nikatunga sheria ya meza yangu: wiki inahesabiwa nzima ikiwa mhusika anashika zamu kwenye kazi anayojifunza. Kama anajifunza kazi moja na kushika zamu ya nyingine, wiki ni nusu.

Ona kilichotokea. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, basi namhamishia kwenye mitambo." Vyema, lakini nani atapika? Nahodha, ambaye ni muuguzi, akakataa. Dereva wa tuktuk, ambaye mhusika wake ndiye fundi mkuu, akasema hataki mwanafunzi atakayemgusia vali zake. Kukawa na mabishano ya kweli baina ya wahusika, kuhusu zamu, na mimi sikuandaa chochote. Mwishowe abiria mmoja akapewa jiko kwa kupunguziwa nauli, na chakula cha abiria huyo kikazaa matatizo yake.

Mwalimu

Sheria zangu za mwalimu ni fupi. Lazima awe na daraja la juu kuliko lile unalotoka. Wiki anayokufundisha, yeye hajifunzi chake. Ukikosa mwalimu unaweza kujisomea, na kila wiki ni nusu. Kompyuta ya chombo, hata iwe na programu ya ajabu namna gani, ni sawa na kujisomea, na haikufikishi juu ya daraja 1. Wanaocheza michezo ya anga hupenda mashine imalize kila kitu, tena kuna michezo inayoruhusu stadi zipakiwe kichwani kwa usiku mmoja. Ni haki yao. Kwangu mimi mashine inaweza kukuambia joto la beringi limepanda, mtu aliyesimama kando yako atakushika mkono, akuwekee kiganja juu ya bomba, akwambie "hivi ndivyo linavyotetemeka kabla ya kuharibika."

Mwalimu wa kukodi bandarini alipwe, na mapatano yachezwe mezani. Bei usiitoe kwenye jedwali. Mwalimu mzuri ana sababu za kukaa nchi kavu, na mchezaji lazima azijue.

Daftari

Kila mchezaji namnunulia daftari dogo la shule. Wazo limetoka kwenye kitabu cha mafunzo anachobeba mwanafunzi wa uofisa baharini. Chini ya mkataba ule wa STCW, anayetaka kushika zamu kama ofisa kwenye chumba cha kuongozea meli anahitaji angalau miezi 12 ya utumishi baharini ikiwa imo ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa na kurekodiwa. Bila mpango huo ni miezi 36. Mwaka mmoja dhidi ya mitatu, na kinachotenganisha ni mafunzo yenye mpangilio na kumbukumbu. Vijana wanaosomea ubaharia hapa Mombasa wanalijua hilo kwa uchungu, maana darasa ni rahisi kulipata kuliko meli ya kukuchukua.

Kila kurasa ina mstari kwa wiki: tarehe ya mchezo, stadi, zamu gani, nani amefundisha, na jambo moja alilolifanya mhusika. Mchezaji wa mwalimu anaweka saini. Msimamizi haandiki chochote. Mstari wa Bi Mwanasha mmoja unasema: "Wiki ya 3. Uhandisi. Zamu ya usiku. Nimefungua pampu ya maji ya kupoza, nimeirudisha, skrubu moja imebaki mkononi." Fundi mkuu alisaini, akaongeza kwa wino mwekundu: "Itafutwe ilikotoka." Vikao kadhaa baadaye pampu hiyo ilianza kuvuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Alama za kazi

Kuna njia ya zamani sana ya kumpandisha mtu kwa matumizi: mwaka 1978 RuneQuest, mchezo wa kuigiza wa kampuni ya Chaosium, uliweka alama kando ya stadi uliyoitumia kwa mafanikio, kisha baadaye upige dadu za asilimia, zinazotoa namba 1 hadi 100, na unaongezeka tu ukizidi kiwango ulicho nacho. Ukiwa mjuzi sana, ni vigumu kuzidi. Busara tupu hiyo.

Nimeichukua nikaigeuza. Mhusika akitumia stadi anayojifunza wakati wa hatari ya kweli, anaweka alama daftarini, na alama moja inapunguza wiki moja. Alama moja kwa stadi kwa kikao, zaidi ya hapo wachezaji wataanza kufungua kila mlango kwa bisibisi. Na tofauti na mchezo huo, naitoa hata kwa aliyeshindwa. Ninavyojua mimi, pampu iliyokushinda ndiyo unayoikumbuka.

Hatari ya kweli ni ipi? Jiulize: angekosea, chombo kingepoteza nini? Kama jibu ni "hakuna," hakuna alama.

Mtihani, kwa daraja 2 na kuendelea

Daraja 0 na 1 naziacha zipite kimya. Wiki zikitimia, andika. Daraja 2 linahitaji tukio. Wiki ya mwisho mwalimu anakaa pembeni, mikono mfukoni, na mwanafunzi anafanya kazi nzima peke yake. Piga dadu kwa daraja la zamani. Akifaulu, daraja jipya ni lake. Akishindwa hapotezi wiki alizolipa; anaongezewa mbili, na kile alichokiharibu kinabaki kimeharibika mpaka kitengenezwe.

Ukicheza mchezo wa viwango

Kuna michezo ambamo mhusika mzima hupanda kiwango, na kila kiwango humpa pointi za kununua stadi. Mmoja wa anga, Stars Without Number ya Kevin Crawford, una toleo la bure, na vijana wengi wataanzia huko. Katika toleo lililosahihishwa, kila kiwango kinakupa pointi 3 za stadi. Daraja 0 ni pointi 1, daraja 1 ni pointi 2, na kadhalika hadi daraja 4 kwa pointi 5. Huwezi kushika daraja 2 kabla ya kiwango cha 3, wala 3 kabla ya cha 6, wala 4 kabla ya cha 9. Mfumo mzuri, una breki zake tayari. Usiuvunje. Weka daftari juu yake tu: pointi zinakuruhusu kupanda, daftari linaonyesha umestahili kupanda wapi. Mchezaji asiye na mstari hata mmoja wa utabibu asinunue utabibu.

Likizo ya meza iwe likizo ya chombo

Ramadhani sisi hatuchezi. Watu wana Tarawehe, wana futari za ndugu, na mimi mwenyewe usiku sina hamu ya dadu. Zamani kampeni ilikuwa inapoa hapo. Sasa kikao cha mwisho cha Shaabani lazima kimalizike chombo kikiingia gatini kwa matengenezo makubwa, na mwezi wote wa kweli unakuwa miezi mitatu ya mchezo, kama wiki 12. Kila mchezaji ananitumia ujumbe mmoja wa WhatsApp: nafunza nini, kwa nani, nalipia vipi. Baada ya Idi wanarudi na daftari zilizojaa. Nahodha wetu alipunguza sehemu kubwa ya zile wiki 17 kwa njia hiyo.

Hakikisha lakini kwamba muda huo unakula. Ada ya gati, mishahara, malipo ya deni la chombo. Na umri. Katika Traveller uzee huanza kubisha hodi miaka 34, na kila baada ya miaka minne mhusika hupigiwa dadu kuona kama mwili umepungua. Mchezaji anayetaka kukaa gatini mpaka ajue kila kitu, mhesabie birthdei zake kwa sauti.

Muuguzi wangu ana zamu za usiku zinazobadilikabadilika, kwa hivyo nina sheria ya watoro wenye sababu: mhusika wa asiyekuwepo yuko zamuni. Wiki zake zinahesabiwa kama kawaida, ila hapati alama, kwa sababu hakuwepo hatarini. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa dereva wa tuktuk siku aliyokwama kwenye foleni ya feri ya Likoni na simu haina chaji.

Jambo la mwisho ni wale waliofika juu. Kuna siku mtu chomboni atakuwa na daraja 3, na hakuna mwenzake wa kumfundisha. Wiki anazo, pesa anazo, daftari halina wa kulisaini. Usimlegezee. Mwambie kuna rubani mmoja tu katika eneo hili mwenye daraja 4, amestaafu, anafuga samaki kwenye mwezi wa mbali, na ndiye aliyemuuzia nahodha wenu chombo hiki kwa mkopo ambao haujalipwa hata nusu.